Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha waendesha redio za ridhaa (watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda, si kwa biashara) wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni 2025. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha. Mwezi Oktoba tulishirikiana na skauti katika Jamboree ya Hewani, ambapo vijana wa Nyamagana na Ilemela walisalimiana na wenzao kwa masafa ya megahezi 7 na 14. Darasa la wanaojiandaa kuomba leseni liliendelea kila Jumamosi, na vijana wake walinasa picha zinazorushwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa megahezi 145.800, wakitumia antena waliyoitengeneza kwa bomba la plastiki na vipande vya futi ya chuma. Tarehe 18 Aprili 2025 tuliadhimisha Siku ya Redio za Ridhaa Duniani, ambayo safari hii ilikuwa na uzito wa pekee kwa kuwa Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, IARU, ulitimiza miaka 100 tangu ulipoundwa mjini Paris mwaka 1925. Tulifungua kituo Capri Point kutwa nzima, na waliofika kupunga upepo ziwani walisimama kutusikiliza. Jua nalo lilituunga mkono, maana mwezi huohuo wa Oktoba wanasayansi walitangaza kwamba mzunguko wa 25 wa madoa ya jua umefika kipindi cha kilele, ambacho husaidia mawimbi ya redio kufika mbali, na waliozoea kunung'unika kwamba redio ya wati 5 haivuki hata Magu walinyamaza kwa muda.

Kipindi chetu cha Jumapili cha wanachama kuitana hewani katika megahezi 7 kiliendelea saa kumi alasiri. Waliopendekeza tukihamishie usiku wa manane wakumbuke kwamba muda huo tabaka la juu la anga hudhoofika, mawimbi ya megahezi 7 yanayopanda wima hayarudishwi tena chini, na matokeo yake Musoma na Bukoba wanapotea ilhali vituo vya mbali vinasikika vizuri. Muda wa sasa ulichaguliwa kwa sababu hiyo na haukulenga kumkomoa yeyote.

Sasa niingie katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani kuhamishwa kwa ripita yetu, mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena ili yafike mbali, kutoka Isamilo hapa mjini kwenda kisiwa cha Ukerewe. Yamesemwa mengi katika kundi letu la WhatsApp, mengine kwa lugha ambayo mtu asingeithubutu ana kwa ana, na wanachama 11 wametia saini malalamiko, hivyo nimeona ni haki ya chama kwamba maelezo kamili yaingie katika kumbukumbu.

Mwezi Januari mmiliki wa mnara tuliokuwa tumeupanga alitupatia barua ya kupandisha kodi kutoka shilingi 80,000 kwa mwezi hadi shilingi 200,000. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 2,400,000. Chama kina wanachama 38 na ada ni shilingi 60,000, kwa hiyo hata kama kila mmoja wetu angelipa hadi senti ya mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea, tungepata shilingi 2,280,000, na kodi ya mnara peke yake ingezimeza zote na kubaki inadai. Kamati ilijadiliana na mmiliki kwa wiki kadhaa bila mafanikio. Walioandika kwamba kamati "ilikurupuka" hawakuwahi kuuliza takwimu hizi, na ofisi ya mweka hazina iko wazi siku zote za kazi.

Hata hivyo, sipendi ionekane kwamba tulihama kwa sababu ya kodi tu. Tangu nilipopokea uenyekiti nimekuwa nikisema kwamba ripita ya mjini ilikuwa inawahudumia watu ambao tayari wana simu zenye mtandao kuanzia Nyegezi hadi Igoma, ilhali ziwa, ambalo ndilo lililotukutanisha, lilibaki kimya. Mafundi miongoni mwenu wanaijua hesabu yake: upeo wa mawimbi ya megahezi 145 kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, na unaujumlisha wa pande zote mbili. Antena iliyo mita 100 juu ya usawa wa ziwa inaona kama kilomita 41, na mtu aliye ndani ya mtumbwi akiwa ameshika redio mita mbili juu ya maji anaongeza kilomita 6 hivi. Kisiwa cha Ukara kiko zaidi ya kilomita 70 kutoka Mwanza mjini kwa mstari ulionyooka, na Ukerewe yenyewe imekaa katikati kama kizuizi. Hakuna antena ya Isamilo ambayo ingefika huko, hata tungeiombea dua. Kutoka mahali ripita ilipo sasa, Ukara ni jirani, na bado mwanachama wa Mwanza aliye mlimani, mwenye antena ya paa iliyoelekezwa kaskazini, anaipata. Wanaokosa ni wale wa mabondeni wanaotegemea redio za mkononi zenye antena fupi ya mpira, na kwao kamati ilikwisha kutoa, tangu mwezi Mei, mchoro wa antena ya bei nafuu. Ni wawili tu waliokuja kuuchukua.

Ziwa hili halihitaji kuelezewa kwa watu wa hapa. Tarehe 21 Mei 1996 tuliipoteza MV Bukoba ikiwa inakaribia Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Sidai, na sijawahi kudai, kwamba ripita ya chama ingemwokoa hata mmoja wao. Ninachosema ni kwamba chama cha mawasiliano cha watu wa ziwani kinachosikika Buzuruga mjini na hakisikiki Bugolora kule Ukerewe kina la kujieleza. Aidha, dhoruba kubwa za ziwa hili huzaliwa usiku, pale upepo wa nchi kavu unapovuma kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na ndio wakati ambao wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Tangu Mei, wanachama wetu watatu wa Ukerewe na Ukara wamekuwa wakiingia hewani kabla ya alfajiri kueleza hali ya upepo na radi wanayoiona, nasi tukaipeleka kwa viongozi wa mialo (fukwe za kupokelea samaki) tunaofahamiana nao, bila kujifanya mbadala wa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kazi hiyo isingewezekana kutoka Isamilo.

Lipo pia kundi lililotaka tufike mbali zaidi, tuwagawie manahodha wa mitumbwi redio za chama. Nililikataa pendekezo hilo na ninalikataa tena leo. Leseni inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ni ya mtu aliyehitimu na ina ishara yake ya wito, yaani utambulisho wake wa hewani, inayoanza na 5H. Haikabidhiwi mtumbwi, wala masafa ya ridhaa hayaruhusiwi kutumika kwa biashara, na kuulizana bei ya sangara mwaloni ni biashara. Chombo cha majini kina masafa yake ya dharura, yaani chaneli 16 katika megahezi 156.8, na msaada bora tunaoweza kumpa nahodha ni kumhimiza awe na redio ya aina hiyo na kumfundisha kuitumia. Mwenyekiti atakayeruhusu vinginevyo atakifungisha chama, na mimi sitakuwa mwenyekiti huyo.

Baada ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa tarehe 19 Juni, hoja mpya ikazuka kwamba sasa magari mengi yanaelekea Sengerema na Geita, hivyo ripita ilipaswa kubaki mjini iwahudumie wasafiri. Daraja hilo la takriban kilomita 3 ni neema kwetu sote, na mimi ni miongoni mwa waliokuwa wakisota foleni ya kivuko. Lakini limeunganisha bara na bara. Ukerewe, Ukara na Kome bado zinafikiwa kwa maji, na uamuzi wetu ulihusu maji.

Limesemwa pia, na hili nalitaja kwa masikitiko, kwamba mwenyekiti ameipeleka ripita kisiwani kwa sababu ndiko kwao. Ni kweli nimezaliwa Ukerewe. Sijawahi kulificha hilo wala sioni ni kosa la aina gani. Kiwanja kilichotumika si changu wala cha ndugu yangu, ni cha mwanachama aliyekitoa bila kodi kwa mkataba wa miaka mitano ambao uko mikononi mwa katibu. Kazi nzima iligharimu shilingi 1,640,000, zikiwamo paneli ya sola, betri mbili, nguzo, kinga ya radi na nauli ya meli. Akiba ya chama ilitoa shilingi 1,100,000, na zilizobaki 540,000 zilichangwa na watu watatu, mmoja wao akiwa mwenyekiti wenu. Gari lililobeba vifaa hadi bandarini lilikuwa langu na sikudai mafuta. Nayataja haya kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kuhusu utaratibu, kamati iliitisha mkutano mkuu wa dharura mwezi Machi ili wanachama waamue wenyewe. Akidi ni theluthi moja, yaani watu 13. Walifika 9. Tulingoja kwa muda wa saa mbili, viti vilivyokodiwa vikiwa vitupu na kreti za soda zikiwa hazijafunguliwa (kreti hizo ziliishia kwa watoto wa jirani, na gharama yake imo katika hesabu). Katiba inaipa kamati mamlaka ya kulinda mali ya chama pale mkutano unaposhindwa kukaa, na ndiyo tuliyoyatumia mwezi Aprili. Nimelinganisha orodha ya mahudhurio ya siku ile na orodha ya waliotia saini malalamiko. Kati ya walalamikaji 11, aliyehudhuria ni mmoja, na huyo ninamheshimu kwa sababu alisema hoja yake mbele yangu.

Hali ya ada haipendezi. Waliolipa kamili ni 14, waliolipa nusu ni 7, na ambao hawajalipa chochote ni 17. Zimekusanywa shilingi 1,050,000, na tunadaiana shilingi 1,230,000. Miongoni mwa wadaiwa wamo wanaobadilisha redio kila mwaka, na wamo ambao ishara zao za wito zinasikika hewani kila jioni zikiwaita Ulaya na Japani. Ninafahamu kwamba mwaka ulikuwa mgumu kwa wengine, na waliokuja kwa katibu kueleza walipewa muda bila kuulizwa zaidi. Ninaowazungumzia ni wale ambao simu zao hazipokelewi ikipiga namba ya mweka hazina. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka huu asiyelipa hadi 31 Desemba asipige kura wala kutia saini malalamiko ya aina yoyote, na pendekezo hilo liko katika ajenda ya saba.

Kwa mwaka ujao, kamati inakusudia, hali ikiruhusu, kuweka kiungo kati ya ripita ya Ukerewe na Mwanza mjini ili wenzetu wa mabondeni nao wasikike, ingawa fedha yake bado haijapatikana. Tunatarajia pia kuonana na wahusika wa kituo cha uratibu wa uokoaji kinachojengwa hapa Mwanza chini ya mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuone kama watu wa kujitolea wana nafasi. Wazo la kufungua tawi Bukoba lipo, na litaendelea kuwapo hadi Bukoba watakapojibu barua zetu.

Kipindi changu kinaisha katika uchaguzi wa leo. Nimeombwa na baadhi yenu nigombee tena na fomu nimeijaza. Atakayetaka kushindana nami anaruhusiwa na katiba, mradi awe amelipa ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti