Ukoko wa madini si dohani za baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nisahihishe jambo moja lililoandikwa katika makala ya toleo lililopita kuhusu madini ya bahari kuu. Mwandishi alieleza kwamba kwenye safu ya milima iliyo katikati ya Bahari ya Hindi, pale sakafu ya bahari inapopasuka na kutanuka, mawe ya volkano yamevikwa ukoko mnene wenye kobalti, shaba na dhahabu, na kwamba kazi iliyobaki ni kuukwangua tu. Makala ilikuwa ya nia njema na Kiswahili chake kilinipendeza, lakini hapo ilichanganya vitu viwili ambavyo asili yake ni mbalimbali na makao yake ni mbalimbali. Kosa hilo si dogo, kwa sababu ndilo linalowafanya wasomaji wetu washindwe kufuatilia mazungumzo yanayoendelea Kingston, Jamaika, kwenye Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, juu ya nani aruhusiwe kuchimba nini katika bahari tunayoitazama kila asubuhi.

Neno lenyewe, ukoko, silikatai. Kila aliyekula wali wa nazi anajua ukoko ni nini na unapatikanaje: ni ule unaoganda chini ya sufuria baada ya kukaa motoni muda mrefu, na sufuria iliyoinjikwa sasa hivi haina ukoko. Safu ya milima iliyo katikati ya bahari ndiyo sufuria iliyoinjikwa sasa hivi. Hakuna sakafu changa kuliko ile katika bahari yote.

Chini ya safu hiyo miamba yenye joto kali hupanda kutoka tumboni mwa dunia, na kadiri inavyopanda ndivyo mgandamizo unavyopungua, mpaka sehemu yake ikayeyuka bila hata joto kuongezeka. Uji huo wa mawe ukifika juu na kupoa huwa bazalti, jiwe jeusi na zito, na mabamba mawili ya ganda la dunia yakizidi kuachana, bazalti mpya huziba pengo. Safu ya Carlsberg, inayotoka upande wa ikweta na kuelekea kaskazini-magharibi hadi karibu na mlango wa Ghuba ya Aden, hutanuka kwa sentimeta 2 hadi 3 kwa mwaka. Msomaji wa Tanga au Lamu asidhani ni habari ya mbali, kwa kuwa mpasuko huo huo hupita ndani ya Ghuba ya Aden mpaka Afar, ambako hukutana na Bonde la Ufa tunalolijua sote. Tena ni kwenye safu hiyo ambako meli ya Kiingereza HMS Owen ilipima usumaku wa sakafu mwaka 1962, na vipimo hivyo ndivyo wanajiolojia wa Kiingereza Fred Vine na Drummond Matthews walivyovitegemea mwaka 1963 walipoeleza kwamba bazalti hutunza, mstari kwa mstari, kumbukumbu ya usumaku wa dunia wa wakati ilipoganda. Mojawapo ya hoja zilizowashawishi wanasayansi kwamba sakafu ya bahari inatanuka ilitoka kwenye bahari yetu, na nasikitika kwamba katika miaka yote niliyofundisha jiografia sikuwahi kukiona kitabu cha shule kikiisema kwa Kiswahili.

Siku hizi naishi Sohar, Oman, na huku mtu hahitaji nyambizi ili aione sakafu ya bahari. Kipande chake chenye urefu wa kilometa 500 hivi, kilichoumbika yapata miaka milioni 95 iliyopita, kilisukumwa juu ya nchi kavu na ndicho kilichojenga sehemu kubwa ya milima iliyo nyuma ya mji wetu. Wanajiolojia bado wanabishana kama kiliumbika katikati ya bahari pana au juu ya bamba lililokuwa likizama, ila namna mawe yalivyomwagika na kuganda ni ile ile. Katika bonde la Wadi Jizzi kuna ukuta wa lava ambao picha yake iliwekwa kwenye jalada la jarida la Marekani liitwalo Geotimes mwaka 1975, na mpaka leo tabaka lile la lava huitwa kwa jina la jarida hilo. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu akauone. Alisimama akautazama kwa muda, kisha akasema, “Babu, mbona kama kaimati?”

Sikuweza kumpinga. Lava inayotoka chini ya maji hupata gamba papo hapo inapoguswa na baridi, kama donge la unga linavyopata gamba likiguswa na mafuta, huku ndani ikiwa bado laini. Hutuna, hupasuka ubavuni, na kutoka hapo huzaliwa donge jingine. Wataalamu huyaita madonge hayo mito, yaani mito ya kulalia (na Kiswahili hapa kinatutia taabu kidogo, maana ukisema mawe ya mito msikilizaji anafikiri mito ya maji). Nilimwonyesha mjukuu wangu namna kila donge lilivyo na mgongo wa mviringo kwa juu na mkia kwa chini, mkia uliojipenyeza katika nafasi iliyoachwa na madonge mawili yaliyotangulia, na kwamba kwa kuutazama mkia huo mtu hujua upande upi ulikuwa juu siku lava ilipomwagika. Pembezoni mwa donge kuna ukingo usiozidi upana wa kidole, uliokuwa kioo cheusi kabla maji ya chumvi hayajaugeuza. Kwenye safu iliyo hai leo kioo hicho bado kinang'aa. Hilo ndilo gamba pekee ambalo jiwe changa la pale limezaliwa nalo, na halina kobalti ya kukwangua.

Basi shaba na dhahabu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye dohani. Maji ya bahari huingia katika nyufa za bazalti, hushuka mpaka karibu na joto la chini, huko hupoteza magnesi, hugeuka kuwa makali kama tindikali na huzinyonya shaba, zinki na chuma kutoka katika jiwe lenyewe. Yanaporudi juu huweza kuwa na joto la nyuzi 350 za Selsiasi au zaidi, na hayachemki kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, ambao kwa kina cha meta 2,500 ni mara 250 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Yakikutana na maji ya bahari yenye nyuzi 2 tu, metali hushikana na salfa na kuanguka hapo hapo kama moshi mweusi, na sehemu ya moshi huo hujenga dohani inayoutoa. Binadamu aliziona dohani nyeusi kwa mara ya kwanza mwaka 1979, katika Bahari ya Pasifiki. Zikizimika huporomoka, nyingine humea juu ya kifusi, na baada ya maelfu ya miaka hupatikana kilima cha sulfidi, yaani cha metali zilizoshikana na salfa. Kilima kiitwacho TAG katika Atlantiki, ambacho ni miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana, kina kipenyo cha meta 200 hivi. Safu zote za dunia zina urefu wa kilometa 65,000 hivi, na vilima vya namna hiyo ni nukta chache juu yake. Neno mnene, kama lilivyotumika katika makala, halina mahali hapo.

Shaba ya mgodi wa Lasail, karibu na hapa, iliumbwa na dohani za namna hiyo, na shaba ya milima hii ndiyo iliyopelekwa Mesopotamia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, nchi hii ilipokuwa ikiitwa Magan. Mpaka leo juu ya mashimo ya migodi hiyo utaona kofia ya kutu nyekundu na rundo la mabaki meusi ya kuyeyusha shaba waliyoyaacha wayeyushaji wa kale.

Ukoko wa kweli, ule wenye manganizi, chuma na kobalti, haupikwi na moto wowote. Hutuama kutoka katika maji baridi ya bahari, chembe kwa chembe, juu ya jiwe lililo wazi, na huongezeka kwa milimeta 1 hadi 5 katika kila miaka milioni moja. Hebu tupige hesabu. Safu ya Carlsberg ikisukuma sakafu kwa sentimeta moja na nusu kila upande kwa mwaka, jiwe lenye umri wa miaka milioni moja litakuwa limefika kilometa 15 kutoka kwenye ufa, na ukoko wake hautazidi unene wa punje chache za mchele. Ili upate ukoko wa sentimeta 5 unahitaji miaka isiyopungua milioni 10, yaani umbali wa kilometa 150, ilimradi tope lisilifunike jiwe njiani, na kwa kawaida hulifunika. Ndiyo maana ukoko unaotafutwa na wachimbaji uko kwenye milima mizee ya volkano iliyozimika, hasa magharibi mwa Pasifiki, na si kwenye safu inayotanuka. Yapo pia magamba ya manganizi yanayojengwa haraka na maji vuguvugu kandokando ya dohani, lakini hayo kwa kawaida ni maskini wa kobalti.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu sheria nayo imeitambua. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari ilitoa kanuni za utafutaji wa vinundu (madonge ya madini yaliyolala juu ya sakafu ya bahari) mwaka 2000, za sulfidi mwaka 2010 na za ukoko wa kobalti mwaka 2012, kila moja peke yake. Kwenye safu za Bahari ya Hindi mikataba iliyopo ni ya sulfidi, nayo imeshikwa na China, Korea Kusini, Ujerumani na India. Hakuna nchi hata moja ya mwambao wa Afrika Mashariki yenye mkataba huko, ingawa aliyeiongoza Tume ya Maandalizi ya Mamlaka hiyo katika miaka yake ya kwanza, kuanzia 1983, alikuwa Mtanzania, Mheshimiwa Joseph Sinde Warioba. Anayedhani kinachojadiliwa ni ukoko wa kukwangua atauliza kuhusu milima isiyohusika, na dohani zitapita bila kuulizwa.

Na dohani zina wenyewe. Mwaka 2001, kwenye uwanja wa dohani uitwao Kairei, kusini mwa Bahari ya Hindi, watafiti walimkuta konokono ambaye mguu wake umevikwa magamba yenye sulfidi ya chuma, mnyama pekee anayejulikana kujivika silaha ya namna hiyo. Mwaka 2019 aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na sababu iliyotajwa ilikuwa tishio la uchimbaji. Wakati huo alijulikana kuishi mahali patatu tu duniani, na pawili kati ya hapo palikuwa ndani ya maeneo ya mikataba ya utafutaji. Mimi sisemi madini hayo yasiguswe milele. Nasema dohani inayotoa moshi isiguswe, na anayetaka kutafuta atafute kwenye vilima vilivyozimika, baada ya kuthibitisha kwamba vimezimika kweli.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, mchapishe sahihisho la sentensi ile, na mkiweza, mwandishi wenu awaulize wajumbe wa Tanzania na Kenya wanaokwenda Kingston msimamo wao ni upi kuhusu dohani hai za Bahari ya Hindi. Pamoja na barua hii nimeambatanisha picha tatu nilizozipiga Wadi Jizzi, mojawapo ikionyesha kwa karibu mkia wa donge la lava na ukingo wake uliokuwa kioo. Mnaruhusiwa kuzitumia bila malipo.

Wenu katika kusoma,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Sohar, Oman