Harambee: tuwapeleke watoto Norton St Philip

Wapendwa wazazi na walezi wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, Bristol,

Hodi hodi. Juzi mtoto mmoja alichora nyumba ya bibi yake, ya fito na udongo, kisha akaificha chini ya daftari. Eti hiyo si nyumba ya kuonyesha watu.

Tukaona dawa yake iko jirani, Somerset. Kijiji cha Norton St Philip kina nyumba ya wageni iitwayo George Inn, iliyoanza karne ya 14 mikononi mwa watawa wa monasteri ya Hinton, jirani na kijiji. Watawa hao walikuwa na biashara ya sufu, na wachuuzi waliokuja sokoni walipata pa kulala. Chini ni ukuta wa mawe. Juu kuna ghorofa mbili za fremu ya mbao zilizochomoza mbele, kama watu wanaochungulia barabara. Duke wa Monmouth alifikia humo mwaka 1685 alipomwasi mfalme James II, lakini sisi tunafuata mbao. Majengo ya aina hii huunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja huingia tundu la nyingine, yakakazwa kwa vijiti vya mti. Na katikati ya mbao? Kwa nyumba nyingi za zamani za Uingereza, ni fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo wenye majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Kukandika, jamani! Kazi ile ile ya bibi.

Najua kuna atakayeuliza, "Watoto mnawapeleka baa?" Ni kweli, leo wanauza pombe. Tutaitazama kwa nje, tuichore, kisha tule chakula chetu uwanjani penye nyasi.

Watoto ni 28. Tunahitaji pauni 700: basi 480, na 220 za mbao za mwaloni, fito na udongo, maana wakirudi watajenga kipande cha ukuta na kukikandika wenyewe. Mzazi mmoja, fundi seremala, amejitolea kuwafundisha bure. Mpaka sasa tuna pauni 265, zimebaki 435.

Mwenye pauni tano alete tano. Asiye nazo alete sambusa za safari, au aje na nguo kuukuu tukanyage udongo pamoja. Bahasha ziko kwa mweka hazina kila Jumamosi baada ya darasa, na kila mchango utaandikwa daftarini. Basi lazima tulilipie kabla ya mwisho wa mwezi.