Choo kigumu, mboga nazo zinakwama: nifanyeje?

Daktari, salamu.

Nampikia dada aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi ya tumbo (tumbo hukatwa kikabaki kifuko kidogo, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo). Hii ni wiki ya tisa. Mambo mawili yanagongana: anapata choo mara moja kwa siku nne, tena kigumu, hivyo ameambiwa aongeze nyuzinyuzi. Lakini mboga yenye nyuzi ndefu akiimeza, kifua kinambana, mate yanajaa mdomoni, kisha anaitapika.

Kwa nini inakwama, hilo nalielewa. Kifuko kilichoachwa kinabeba kama mililita 30, mlango wa kutokea ni wa sentimita moja hivi, na hakuna tena msuli wa kusaga wala asidi ya kutosha kulainisha. Nyuzi zikiingia nzima zinaweza kusokotana zikawa donge. Ndiyo maana seleri, asparaga na maganda ya nyanya na pilipili hoho nimeyaweka kando.

Karoti inapita, ikimenywa, ikakatwa vipande vya nusu sentimita na kuivishwa kwa mvuke mpaka ipondeke kwa ubavu wa uma. Brokoli, vichwa tu, shina hapana. Spinachi ndiyo laghai. Ikiiva unaiona laini, ila ukivuta jani kati ya vidole, mshipa wa katikati unabaki unaning'inia kama uzi. Huo nautoa kabla ya kupika, halafu majani nayakata kwa kukingama, vipande vifupi, maana ukikata kwa urefu nyuzi zinabaki na urefu wake.

Anaanza na protini (lengo ni gramu 60 kwa siku), mboga vijiko viwili vya mezani mwishoni, taratibu kwa dakika 20 hadi 30. Hanywi maji wakati wa kula, na akimaliza anasubiri nusu saa. Kwa ratiba hiyo anaishia lita moja kwa siku badala ya moja na nusu, nami nashuku choo kinafungia hapo kuliko kwenye upungufu wa mboga. Vidonge vya madini ya chuma navyo vinachangia, lakini kwa baipasi hatuthubutu kuviacha.

Je, tuongeze maji kwanza, kwa vikombe vidogo kati ya milo, ndipo tuguse mboga? Ule unga wa nyuzinyuzi unaovimba kama uji ukikutana na maji unanitisha kwa kifuko kidogo hivi. Upo wa aina inayoyeyuka bila kuvimba, na aanze na kiasi gani? Mboga mbichi aonje lini, na ipi iwe ya kwanza? Na ikikwama hata maji hayapiti, tusubiri saa ngapi kabla ya kumkimbiza hospitali?

Mpishi wa mgonjwa