Mjomba, gari yako haijauzwa chakavu, iko hapa Tabora na imewaka

Shikamoo mjomba.

Naandika huku hadharani kwa sababu simu yangu huipokei toka mwaka juzi, na najua mjukuu wako huko Ujiji yuko kwenye simu muda wote, akiiona hii atakusomea jioni ukishatoka kuswali. Kijana, kama ni wewe unasoma, msomee babu yote, usiruke.

Mama kaniambia ulisikia kwamba ile Datsun nimeiuza kwa watu wa chuma chakavu, wakaikatakata wakaipakia kwenye fuso ikaenda. Sio kweli mjomba. Ila kuna kipande cha kweli humo ndani na nataka ukisikie kwangu mwenyewe. Ile siku watu wa vyuma walipita na mizani yao, mimi ada ya mtoto ilikuwa imenikaba kooni, nikawafungulia banda. Gari hawakuigusa, niliwaambia hiyo ina mwenyewe. Lakini radieta niliwapa. Ile ya shaba, uliyoitoa ukaiosha ukaifunga gunia ukaiegemeza ukutani. Wakapima kwa kilo, wakalipa, na ile hela haikumaliza hata wiki. Mtu haoshi radieta na kuifunga gunia kama hana mpango wa kuirudisha, na mimi nililijua hilo wakati nawakabidhi. Nisamehe mjomba. Toka siku ile nikipita pale bandani naona ule ukuta mtupu, ndo nikaanza kuishughulikia hii gari, nikisema kama siwezi kurudisha radieta yake basi narudisha gari yenyewe.

Ulipoiingiza bandani 1983 nilikuwa na miaka sita. Petroli ilikuwa ya foleni, spea hamna, fedha za kigeni hamna, ukasema acha ipumzike kidogo. Tulikuwa tunaingia kwa kujificha mimi na binamu zangu tunakaa kwenye vile viti viwili tunanguruma kwa midomo, na wewe ukitukuta hugombi, unachuchumaa pale mlangoni unatusimulia Safari Rally. Nakumbuka mpaka leo. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z kama hii, 1973 Shekhar Mehta, mtoto wa Kampala, na Lofty Drews wakashinda tena na 240Z, na mwaka ule Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS ikabidi watafute namna ya kuwatenganisha. Ulikuwa unasimulia kama ulikuwa umekaa siti ya nyuma, na Z haina siti ya nyuma. Kwa hiyo watu wanaponiuliza hapa mtaani kwa nini nahangaika na kopo la zamani nawaambia hii sio kopo, hizi barabara zetu za vumbi na matope ndo zimeipa jina.

Sasa nikuelezee tulivyoikuta.

Kwanza nyuki. Walikuwa wameingia kwenye upenyo wa taa ya nyuma upande wa kulia, wakajenga kwenye ule uwazi wa bati la ndani na la nje, sega nyingine zimeshuka mpaka pale panapokaa tairi la spea. Nikatafuta mrina asali wa Sikonge, akaja usiku na moshi wake, hakutaka kuwaua, akawahamishia kwenye mzinga wa gome tukautundika kwenye ule mwembe wa nyuma. Asubuhi tulipotoa masega nikapitisha kitambaa kwenye lile bati lililokuwa limegusana na nta, mjomba, rangi ya kiwandani iko palepale, ile ya chungwa yenyewe, wakati sakafu chini ya miguu ya dereva ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi. Sakafu tumekata tumechomelea bati jipya. Bodi nyingine sijaipaka rangi na sitaipaka mpaka uione.

Fundi niliyempata ni mzee aliyewahi kufanya karakana ya reli hapahapa Tabora, mikono yake imezoea vitu vizito lakini kwenye vitu vidogo ni mpole kuliko vijana. Maana vijana wote niliowaita kwanza walisema kitu kimoja, toa hiyo injini weka 1G ya Toyota Mark II, spea zipo kila kona, wiki mbili unatembea. Nawaelewa na hawakukosea kihesabu. Lakini hiyo injini ndo gari mjomba. L24, silinda sita kwenye mstari, cc 2393, kabureta mbili. Ukiitoa hiyo umebaki na boksi zuri tu. Yule mzee aliizunguka, akafungua boneti, akakaa kimya muda mrefu, akasema hii hatuitoi, hii tunaiomba.

Na kweli tuliiomba. Ilikuwa imegoma kuzunguka kabisa. Akakataza mtu kugusa stata, akasema ukilazimisha ringi za pistoni zilizogandia utavunja ringi au utachana silinda. Akatoa plagi zote sita, akachanganya dizeli na oili ya gia boksi ya otomatiki, akamimina kidogo kila tundu, akafunika na kitambaa. Tukaacha. Kila jioni anakuja na spana ya 27 anaishika nati ya pule ya mbele ya krenki, anaisukuma kidogo tu kwa mkono, anasikiliza, anaongeza mafuta, anaondoka. Siku ya tano hamna kitu, ya saba hamna, mimi nikaanza kukata tamaa ila simwambii. Siku ya tisa spana ikasogea. Kama mshale wa saa, kidogo hivi. Akairudisha nyuma, akaisogeza tena mbele, nyuma, mbele, kila mara inaongezeka, mpaka ikamaliza mzunguko mzima na kwenye yale matundu ikawa inatema maji meusi. Alikaa chini pale kwenye gogo akajifuta jasho, akaniomba maji ya kunywa.

Alafu akafungua kofia ya distribyuta ili aangalie pointi. Pointi zipo, kondensa ipo, rota hamna, kale kadude kanakozunguka humo kugawia plagi moto. Nikamwambia labda panya. Akaniangalia akasema panya hafungui klipu mbili akazifunga tena, hii kaitoa mwenye gari. Mjomba, kumbe uliitoa wewe! Miaka yote ile tunacheza mle ndani, na wale binamu wakubwa waliokuwa wanatamani kuiiba usiku wakatambe nayo, wasingeweza hata kama wangepata petroli, kale kadude kadogo kanakoenea kwenye kiganja ulikuwa nako wewe mfukoni. Nimefikiri sana juu ya hicho kitu. Kofia na rota mpya nimezipata Nairobi, Kirinyaga Road, zikaja kwa basi la kuunganisha unganisha, lakini ile ya kwako naitaka, ntakwambia huko chini.

Tenki lilikuwa na kama lita nne za kitu sijui nikiite petroli, rangi kama chai ya mkandaa na harufu ya vanishi inayoumiza kichwa. Tukalishusha, tukalikosha na maji ya sabuni mara nyingi, alafu tukatia mnyororo wa baiskeli na kokoto ndani tukawa tunalitingisha watu wawili, mmoja huku mmoja kule, kutu inatoka kwa vikombe. Palipotoboka mzee alilijaza maji karibu lote kabla ya kuweka moto wa kuziba, na bado alitufukuza wote tukae mbali, anasema tenki la petroli linaloonekana tupu ndo linaua kwa sababu mvuke ndo unaolipuka. Mipira yote ya mafuta tumetupa, ilikuwa ukiikunja inapasuka kama biskuti. Breki sisimulii sana, mbele diski nyuma ngoma, wili silinda zote zimeganda, masta silinda kabadilisha mipira, oili mpya, imeisha. Klachi diski ilikuwa imegandia kwenye gurudumu la injini, hiyo nayo ilichukua siku yake.

Ila kabureta ningependa ungekuwepo. Zile mbili zenye vifuniko kama kengele, ndani kuna pistoni yenye sindano inapanda na kushuka kufuata upepo. Alizifungua mezani kwa mama juu ya shuka jeupe, akazisafisha kwa mswaki, na akanifundisha kipimo, unainua ile pistoni kwa kidole unaiachia, ikitua na mlio wa "tak" ujue iko huru, ikishuka kimya kuna mahali inakwaruza. Ya mbele ilipiga tak mara ya kwanza. Ya nyuma tulishinda nayo mpaka magharibi. Alafu ukishaweka oili nyepesi kwenye ile fimbo ya juu inakuwa nzito kuinuka, ila ukiiachia inashuka kwa urahisi, na hivyo ndo inavyotakiwa. Injini ilipokuja kuwaka alizilinganisha kwa kipande cha mpira sikioni, anasikiliza mvumo wa hii, anahamia ile, anageuza skrubu robo, anarudi, mpaka zote mbili zivume sawa. Hana mashine yoyote.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi. Oili mpya, ya zamani ilitoka kama uji wa ulezi uliolala. Kamshafti aliimwagia oili kwa mkono kabla hajafunga kifuniko cha juu, kisha akazungusha na stata bila plagi mpaka mshale wa presha ya oili ukapanda pale kwenye dashibodi, kwenye ile geji yako yenye kioo kilichopasuka. Ndoo mbili za mchanga pembeni. Tukafunga plagi, waya nikapanga mimi na nikakosea, mpangilio wake ni 1-5-3-6-2-4 mimi nikabadilisha mbili, ikapiga bomu kupitia kabureta ya mbele na kamoto kakatoka, mchanga ukatumika kidogo. Tukapanga upya. Choki imevutwa. Ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikashika silinda tatu, nne, alafu zote sita zikashika kwa pamoja na ule mlio ukatoka, mjomba, sio kunguruma kwa lori, ni kama kitambaa kizito kinachanwa kwa urefu bila kukatika. Moshi ulijaa uwanja mzima mpaka jirani akaja anakimbia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale, akasema "hiyo ni gari ya kaka." Alilia na mimi sikujua niseme nini.

Radieta iliyopo sasa imechongwa Mwanza, nimelipia mwenyewe, ni ya shaba na inapoza vizuri, joto halivuki nusu hata ikisimama juani. Kitu kimoja tu kinachonipa wasiwasi ni petroli. Injini hii imetengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na ile risasi ilikuwa inakinga siti za valvu, pale valvu inapokalia ikifunga, na toka mwanzoni mwa 2006 nchi zetu kusini mwa Sahara zimeachana nayo, jambo zuri kwa watoto wetu, ila siti za zamani zinaweza kuliwa. Kwa hiyo mzee kanielekeza nipime nafasi za valvu mara kwa mara, ya kuingiza milimita 0.20 na ya kutolea milimita 0.25 injini ikiwa baridi, nikiona ya kutolea inazidi kuziba ndo dalili kwamba valvu inazama kwenye siti yake, hapo tunafungua tunaweka siti ngumu. Naandika kwenye daftari kila kipimo. Utaliona.

Barabarani haijatoka. Nimeiendesha humuhumu uani, kutoka bandani mpaka getini na kurudi, gia ya kwanza na ya nyuma, basi. Namba ni za mfumo wa zamani, inatakiwa isajiliwe upya, ikaguliwe na trafiki, ikatiwe bima, na vyote vinaanza na kadi ya gari ambayo iko kwa jina lako na iko kwako. Watu wamenishauri njia za mkato na nimekataa. Sitaki kuhamisha jina pia, mama anajua, sihitaji iwe yangu. Nahitaji uje.

Njoo na kadi mjomba. Na ile rota kama bado unayo, hata kama imeota kutu, njoo nayo, mzee wa karakana anasema ataisafisha ncha yake tuijaribu. Nauli ya treni ntatuma kwa simu ya mjukuu wako na nafasi ya kulala ntakukatia, na yeye aje akusindikize. Mama amekuwekea lita moja ya asali iliyotoka kwenye gari, amekataza mtu yeyote kuigusa. Tukishamaliza makaratasi barabara ya Nzega siku hizi ni lami moja kwa moja, hukuwahi kuipita hivyo ukiwa na Z.

Hata treni ikiingia saa tisa usiku mimi ntakuwa pale stesheni. Ntakuja na bajaji, maana gari getini siitoi. Utaitoa wewe.

Mpwa wako,
Tabora