Barua ya wazi kwenu mnaoandika shajara wawili wawili

Wanangu,

Nimesikia mmeanza. Wengine wenu ni mke na mume, wengine ni marafiki wa tangu shuleni, na wawili ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ana daftari lake na mwenza wa kumsomea alichoandika. Nimefurahi, ila furaha yenyewe ina wasiwasi ndani yake. Kazi hii mimi na mke wangu tumeifanya miaka 26 sasa, na nusura niivuruge wiki ya kwanza.

Nilikuwa mwalimu. Mkono wa mwalimu ukikosa kalamu nyekundu huwasha. Tulikuwa na daftari moja, leo zamu yake kesho yangu, na tulilala nalo mtoni mwa kitanda. Siku ya tano nikalifungua, nikakuta amejaza ukurasa mzima kuhusu mama yake aliyekuwa mgonjwa: jinsi anavyomhudumia, na aibu anayoiona kwa kuwa amechoka. Nikasoma mpaka mwisho. Kisha, Mungu anisamehe, nikachukua kalamu nikaikata h aliyoitia katika neno kuuguza. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe.

Wiki tatu zilizofuata, kila zamu yake ilipofika aliandika maneno mawili: "Leo salama." Nikifungua, leo salama. Nikifungua tena, leo salama. Hakuna kosa la kusahihisha.

Msidhani mmesalimika kwa sababu hamkusomea ualimu. Kalamu nyekundu ina sura nyingi. Ipo ya yule anayekatiza: "Lakini siku ile ulisema vingine." Ipo ya yule mwenye dawa mkononi kabla hajasikia ugonjwa. Na ipo ya yule anayesikia habari ya mwenzake akaanza kusimulia yake iliyo kubwa zaidi. Huyo ndiye anayenichosha kuliko wote. Mwenza wako akikusomea, kazi yako ni kusikiliza, halafu umuulize swali moja ambalo jibu lake hulijui. Likikosekana swali, nyamaza.

Sisi tulipopatana tena tuligawana madaftari, kila mtu na lake. Tunaandika kila mtu peke yake, halafu jioni moja kwa wiki tunasomeana kwa sauti kile tunachochagua kusoma. Daftari halibadilishi mikono. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini ukijua kwamba kila mstari utasomwa, unaanza kuandikia macho ya msomaji. Unajipamba, au unamchoma kwa mafumbo. Kurasa zisizosomwa ndizo zinazozipa ukweli zile zinazosomwa.

Mfikirieni Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi. Mwaka 1862, siku chache kabla ya kumwoa Sophia, alimpa asome shajara zake za ujana, na mambo yote ya wanawake yamo. Yeye alikuwa na miaka 34, binti 18. Pengine mwanamume alidhani anafanya uaminifu. Mimi naona alijitua mzigo akautwika kichwa cha mtoto. Sophia hakuusahau maisha yake yote. Waliishi miaka 48 wakisomana shajara, hata mwaka 1910 mzee akaanza daftari la siri na kulificha ndani ya buti lake. Mkewe akalipata. Mwaka huohuo Tolstoy alitoroka nyumbani usiku, akafia kwenye kituo cha treni. Sisemi shajara ndiyo iliyowatenganisha, walikuwa na mengi. Lakini wazia mzee wa miaka 82 asiye na pa kuweka wazo lake ila kwenye kiatu.

Jambo la pili ni nini cha kuandika. Wengi wenu nawajua, mtaandika makosa ya mwenzenu. Mwezi ukiisha, daftari limekuwa jalada la mashtaka, na siku ya ugomvi mtu analifungua kama wakili. Mkifika hapo lifungeni mpumzike kwanza. Kipimo changu ni hiki: usiandike "hanisikilizi." Andika "Jana alipokuwa kwenye simu nilisimama mlangoni dakika kumi nikingoja anione, kisha nikaondoka bila kusema kitu." Sentensi ya kwanza ni hukumu, hapana pa kwenda baada yake. Katika ya pili umejiona umesimama mlangoni, na unaweza kujiuliza kwa nini hukusema.

Hili si langu peke yangu. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Eli Finkel na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa ndoa 120 zilizofuatiliwa miaka miwili. Katika mwaka wa pili, nusu yao waliombwa kuandika kuhusu ugomvi wao kwa jicho la mtu wa tatu anayewatakia mema wote wawili. Dakika saba tu, mara tatu kwa mwaka. Ndoa za wasioandika ziliendelea kupoa kama kawaida ya ndoa. Za walioandika ziliacha kupoa. Dakika 21 kwa mwaka mzima, wanangu, na ninyi mnaniambia hamna nafasi.

Msishangae pia mkiinuka mezani mmenuna. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, mwaka 1986, waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kuhusu mambo yaliyowaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana miezi iliyofuata, kwa kupungua safari zao za kwa daktari. Kwa hiyo la uchungu usimsomee mwenzako wino haujakauka. Lilaze kwanza.

Mmeniuliza saa gani, karatasi au simu, kurasa ngapi. Vyovyote.

Ila kuna moja sitalipitia haraka. Kama unamwogopa mwenza wako, au ulichomsomea kimerudi kwako mbele za watu kama dhihaka, huyo si wa kuandika naye, hata kama mnalala chumba kimoja. Mtafute mwingine, au andika peke yako ufunge. Huna deni la kumweleza.

Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Anasema nilipoandika habari ya kitanda, neno "mtoni" linapeleka daftari kuogelea, nilitaka kusema "chini ya mto wa kulalia". Nikamuuliza nisahihishe. Akasema acha hivyohivyo, wajue nawe unakosea.

Mzee wenu