Dodoma nayo ipate ukumbi wa maigizo ya kuimba

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo.

Kuna msomaji aliandika kwenye ukurasa huu kwamba kuigiza na kuimba jukwaani sio kazi, mtoto wa kike bora apelekwe kozi ya kompyuta. Jamani hapana. Kuna mama wa Uingereza anaitwa Elaine Paige, kazaliwa 1948 kule Barnet, kwa urefu ni kama mita moja na nusu tu, akaingia kwenye kumbi za West End London mwaka 1968 kwenye igizo la Hair, yupo tu kwenye kundi. Akasota miaka kumi mpaka 1978 ndo akapewa kuwa Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, kwenye igizo la Evita, hapo sasa nchi nzima ikamjua na tuzo akabeba. Halafu 1981, igizo la Cats linakaribia kufunguliwa, mwigizaji Judi Dench akaumia mshipa wa kisigino mazoezini, akaitwa Elaine kuziba pengo, siku zenyewe zimebaki chache, na ule wimbo wa Memory aliouimba humo mpaka leo ndo unamtambulisha. Broadway, kumbi kubwa za maigizo kule New York Marekani, kafika 1996, ana miaka 48! Eti sio kazi?

Ila tuseme ukweli, kipaji peke yake kisingemfikisha. Kule kumbi zipo mtaa kwa mtaa na shoo ni karibu kila usiku, ukikosa huku unagonga kule. Hiyo Cats ilichezwa London mpaka 2002, miaka 21 watu wanalipwa, waimbaji, wapiga vyombo, mafundi wa nguo, wa taa, hadi mkata tiketi.

Sasa njoo kwetu. Huku Nkuhungu kuna binti anaimba soprano kwaya ya kanisani, akishika solo ya Pasaka hata watoto wanaokimbizana nje wanakuja kujazana dirishani, lakini Jumatatu yuko kwenye kibanda cha wakala anatoa watu pesa za simu. Na akina mama wa Kigogo wakibana ngoma za muheme mapajani, wanapiga, wanaimba, wanacheza, vyote kwa mpigo, hilo si ndo igizo la kuimba lenyewe? Mzee Hukwe Zawose alitoka huku huku na zeze lake na ilimba, ile ala ya kupiga kwa vidole gumba, akazunguka dunia. Chamwino wanafanya tamasha la muziki wa Kigogo, nawapongeza sana, ila tamasha likiisha msanii anarudi shambani, tunamkumbuka siku ya kupokea mgeni mkubwa, anapewa dakika tano juani basi.

Naomba jiji litenge ukumbi mmoja, Ijumaa na Jumamosi igizo lenye hadithi na nyimbo, kiingilio cha mwananchi wa kawaida, wasanii walipwe kwa shoo sio kwa soda. Na nyie mhariri mtusaidie, ratiba yake muiweke gazetini kama mnavyoweka ratiba ya ligi.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma