Kabla ya kununua mashine ya umeme kwa aliyepooza, neva ikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya mashine ndogo za umeme "zinazotibu kupooza" yamezagaa mitandaoni, na ndugu wa wagonjwa wa kiharusi wanazinunua kwa fedha za kuchangishana. Sisi wataalamu wa fiziotherapia tunaomba nafasi tueleze mashine hizi humfaa nani, na kwa nini nyingi huishia kabatini.

Umeme huu hautibu ubongo wala uti wa mgongo. Huamsha neva, yaani mshipa wa fahamu, inayotoka kwenye uti kwenda kwenye msuli, na neva ndiyo inayoukaza msuli. Basi lazima neva hiyo iwe hai. Aliyepata kiharusi, au aliyeumia uti wa mgongo shingoni au kifuani, neva zake za chini ya jeraha kwa kawaida ni nzima, ila hazipati amri. Huyo anaweza kufaidika. Aliyepooza kwa polio, au aliyekatika neva za mkono kwa ajali ya bodaboda, habari yake ni nyingine: mapigo mafupi ya umeme ya mashine za kawaida hayaukazi msuli uliopoteza neva, hata ukipandisha umeme mpaka ngozi iungue. Ndiyo maana mgonjwa apimwe kwanza na mtaalamu, fedha zitolewe baadaye.

Tuchukue unyayo unaoning'inia baada ya kiharusi, mgonjwa akawa anaburuta vidole. Mwaka 1961 Liberson na wenzake, Marekani, walieleza kifaa chenye swichi chini ya kisigino: kisigino kikiinuka umeme unapita na unyayo unanyanyuka, kikikanyaga unakatika. Vifaa vingi vya leo vinafuata kanuni hiyohiyo, na mwaka 2009 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo unaoruhusu matumizi yake kwa unyayo unaoning'inia kutokana na maradhi ya ubongo au uti wa mgongo.

Umeme hupita kwenye pedi mbili zinazobandikwa kwenye ngozi. Moja hukaa chini kidogo ya kile kinundu cha mfupa unachokipapasa nje ya mguu, chini ya goti. Ya pili hukaa juu ya nyama ya mbele, kando ya mfupa wa muundi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unyayo ukinyanyuka huku ukipindukia nje mno, sogeza pedi ya juu mbele kidogo, kuelekea muundi. Ukipinda kwa ndani, irudishe nyuma. Sentimita moja tu hubadilisha mwendo wote, kwa hiyo ukipata mahali pazuri, wekea alama ya kalamu kwenye ngozi.

Kwa mazoezi, mapigo 30 hadi 40 kwa sekunde yanatosha, kila pigo likiwa na urefu wa mikrosekunde 200 hadi 300. Chini ya mapigo 20 kwa sekunde msuli hutetemeka tu badala ya kukaza. Ukipandisha idadi hiyo sana, msuli unachoka upesi. Na kuchoka ndilo tatizo kubwa la tiba hii. Ubongo huzipa nyuzi za msuli zamu, nyingine zikipumzika, lakini mashine huzipiga zilezile zote kwa pamoja. Kwa hiyo anza na sekunde 5 za kukaza na 15 za kupumzika, kwa dakika 10 hadi 15, kisha uongeze taratibu hadi dakika 30. Umeme upande polepole kwa sekunde moja au mbili, kwani ukija kwa kishindo huamsha mkakamao wa mguu. Mgonjwa naye asikae akitazama: kila umeme unapokuja, ajitahidi kunyanyua unyayo yeye mwenyewe. Bila juhudi hiyo msuli utanenepa, lakini amri ya kutembea itabaki palepale.

Mashine nyingi za bei rahisi ni za TENS, zilizotengenezwa kupunguza maumivu. Nyingi hazina mpangilio wa kukaza na kupumzika, wala kupanda polepole. Kuwasha mfululizo nusu saa kunauchosha msuli bila kuufundisha chochote.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitumie bila idhini ya daktari wake wa moyo. Pedi zisiwekwe mbele ya shingo, juu ya kidonda au saratani, wala kwenye mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda. Pedi iliyokauka au kubanduka kona hukusanya umeme mahali pamoja na kuunguza, na asiyehisi ngozi yake hatajua. Ngozi ikaguliwe kila mara kabla na baada. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, zima mashine, mkalishe wima, kagua mpira wa mkojo kama umeziba, kisha umwahishe hospitali: shinikizo la damu linaweza kupanda kwa kiwango cha kuua.

Tunaiomba idara yako ya matangazo imtake kila muuzaji aandike urefu wa pigo, idadi ya mapigo kwa sekunde, nguvu ya juu kwa miliampia, na kama mashine ina muda wa kukaza na kupumzika. Asiyeweza kuyataja, tangazo lake lisichapwe.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam